Sura ya Sita: Uchafu Una Kwao

Mjomba wangu anakaa Zombe, mashariki ya mji wa Kitui, na pikapu yake ya Toyota Hilux ndiyo inayobeba wagonjwa, mahindi na maharusi wa kijiji kizima. Mwaka mmoja, mvua za Novemba zikiwa bado, gari hilo lilibadilishiwa filta ya mafuta mara tatu ndani ya miezi miwili. Kila likitoka gereji lilivuta vizuri. Wiki mbili tatu zikipita, ugonjwa ukarudi: kwenye tambarare linakwenda, likikutana na mwinuko linakohoa, linaishiwa nguvu, linazima. Likipumzishwa dakika kumi linawaka tena kana kwamba halikuwa na neno. Mjomba akaamini kuwa anauziwa filta bandia. Akagombana na mwenye duka, akahama fundi.

Fundi wa tatu, kijana wa banda la jua kali mjini Kitui, hakumtuma mtu dukani. Aliichukua filta kuukuu, akaimwaga mafuta yote, akaibana kwenye vaisi na kuikata shingo kwa msumeno wa chuma. Akatoa karatasi ya ndani, akaitandaza juu ya gazeti. Ilikuwa na rangi ya ugoro. Akapitisha kidole, akakisugua kwa kidole gumba.

“Mzee, dizeli unanunua wapi?”

“Hapa hapa mjini, stesheni.”

“Na ukifika nyumbani unaiweka wapi?”

Mjomba akanyamaza kidogo. “Kwa pipa.”

“La chuma?”

“La chuma. Lilikuwa la marehemu baba.”

Ile rangi ya ugoro ilikuwa kutu. Mjomba alinunua dizeli kwa mapipa ili asiende mjini kila wiki, akaichota kwa mpira hadi tone la mwisho, na tone la mwisho la pipa kuukuu ndilo lenye kutu, maji na mchanga. Filta zote tatu zilikuwa nzuri, na zilikufa zikifanya kazi yake. Uchafu una kwao. Filta ni mahali ulipokamatwa tu, na mwenye gari asipojua kwao ni wapi ataendelea kununua filta hadi achoke. Ndiyo maana sura hii, ingawa itakuonyesha namna ya kuitafuta na kuibadilisha, inarudi mara kwa mara kwenye swali la yule kijana.

Kwanza tuelewane kwa maneno. Kuna filta ya oili, inayochuja oili ya injini, na kuna filta ya hewa, ile pana iliyo kama kinanda. Tunayoizungumzia hapa ni filta ya mafuta yanayochomwa, petroli au dizeli. Mafundi wengi huiita fyueli filta ili wasichanganye, na ukienda dukani sema hivyo hivyo, maana ukisema “filta” peke yake utapewa ya oili.

Watu wa Ukambani hawahitaji kufundishwa maana ya kuchuja. Mito yetu mingi ni mchanga mtupu kwa sehemu kubwa ya mwaka, na mwanamke anayekwenda kuchota maji hufukua shimo katika mchanga huo, humwaga maji ya kwanza yenye tope, kisha husubiri yaliyo safi yajikusanye. Tangu miaka ya 1990 shirika la SASOL na vikundi vya wanakijiji wamejenga mamia ya mabwawa ya mchanga Kitui kwa kanuni hiyo: ukuta wa saruji unakinga mto, mchanga unajaa nyuma yake, na maji yanahifadhika ndani ya mchanga yakichujwa polepole. Filta ya gari ni bwawa la mchanga lililokunjwa likaingia katika kopo. Mchanga wake ni karatasi iliyokunjwakunjwa ili eneo kubwa likae mahali padogo. Na kama mchanga wa mto unavyoweza kuzibwa na udongo wa mfinyanzi, karatasi hiyo nayo huziba.

Inachokamata ni kidogo mno kwa jicho. Milimita moja ina mikroni 1,000, na unywele wa binadamu una unene wa mikroni 70 hivi. Filta nzuri ya dizeli hukamata chembe za mikroni chache tu. Injini za zamani zingeweza kusamehe chembe kubwa kuliko hizo, lakini za sasa hazisamehe. Katika injini ya petroli yenye nozeli, mafuta husukumwa kwa shinikizo la ba 3 hivi, zaidi kidogo ya upepo wa tairi. Katika injini ya dizeli ya komoni reli, mfumo ambao kampuni ya Denso ya Japani iliuingiza kwenye malori mwaka 1995, shinikizo hupita ba 1,600, na nafasi kati ya vyuma ndani ya nozeli ni mikroni chache. Chembe ya vumbi ikiingia hapo kwa kasi hiyo hufanya kazi ya msasa. Bei ya filta moja ukiilinganisha na ya seti ya nozeli nne, utaona kwa nini fundi mwaminifu hukasirika mwenye gari anapomwambia “hiyo itangoja”.

Madereva wa Land Rover za zamani walikuwa na bahati moja ambayo sisi hatuna. Kwenye pampu ya mafuta kulikuwa na kikombe cha kioo. Ukifungua boneti unaona maji yamekaa chini, mchanga umekaa chini, unakifungua, unakiosha, unaendelea na safari. Uchafu ulikuwa hadharani. Leo umefungiwa ndani ya kopo la chuma, au ndani ya tangi lenyewe, na dereva huusikia tu kwa miguu, anapokanyaga gari lisijibu.

Basi filta iko wapi? Usianze kwa kukisia. Anza kwenye tangi, kisha fuata bomba. Mafuta hutoka kwenye tangi, hupita chini ya sakafu ya gari, hupanda hadi kwenye injini, na filta iko mahali fulani katika njia hiyo. Kwa Toyota Corolla za miaka ya 1990, zile AE100 na AE110, fungua boneti utaiona: kopo la chuma lililosimama nyuma ya injini, upande wa ukuta unaotenganisha injini na abiria, na bomba juu na chini. Kwa magari ya dizeli kama Hilux, Hiace na Land Cruiser, nayo iko chini ya boneti au karibu na injini. Utaitambua kwa kitufe kikubwa cha kubonyeza kilicho juu yake, ambacho ni pampu ya mkono, na kwa skrubu ya plastiki iliyo chini yake ya kutolea maji. Malori madogo ya kubeba mchanga na maembe yana filta ubavuni mwa chasisi au karibu na injini, na mengi yana kichujio cha pili cha maji chenye bakuli linaloonekana ndani. Kuna pia magari yenye filta chini ya sakafu, mbele ya tangi, mahali ambapo mawe ya barabara ya Voo au Mutitu huipiga na vumbi huifunika mpaka ifanane na udongo.

Wengi hukwama kwa magari madogo ya kisasa. Probox, Corolla za NZE na wenzao wa miaka ya 2000 hawana filta chini ya boneti hata ukiitafuta hadi jioni. Iko ndani ya tangi, imeshikana na pampu, na katika mengi ya magari haya hufikiwa kwa kifuniko kilicho chini ya kiti cha nyuma. Watengenezaji waliiweka huko wakitarajia ikae miaka mingi bila kuguswa, na huko Japani hukaa. Lakini Kenya inaruhusu kuingiza magari yenye umri usiozidi miaka 8, kisha sisi tunayaendesha miaka 15 mingine. Probox inayobeba abiria kati ya Wote na Kathonzweni huenda ina filta ileile iliyotoka nayo kiwandani. Ukinunua gari la namna hii, mwulize fundi kama kifuniko hicho kimewahi kufunguliwa. Skrubu zenye kutu ambazo hazina alama ya bisibisi zitakupa jibu.

Kabla ya kugusa chochote, hakikisha injini imepoa na uko nje, penye upepo. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini na kukusanyika kwenye mashimo, kwa hiyo usiifanye kazi hii ndani ya shimo la gereji wala karibu na jiko la makaa la mama muuza chai. Zima sigara, weka simu mbali, na uwe na ndoo ya mchanga mkavu karibu, ambao kwetu haukosekani. Ukilazimika kuingia chini ya gari, weka stendi na mawe nyuma ya magurudumu. Jeki peke yake haitoshi. Imeshaua.

Kwa gari la petroli lenye nozeli, bomba lina shinikizo hata injini ikiwa imezimwa. Chomoa fyuzi au rilei ya pampu ya mafuta, washa injini uiache hadi ijizime yenyewe, kisha toa waya hasi wa betri. Hapo ndipo uweke kitambaa kwenye kiungo na kufungua polepole. Kwa Corolla niliyoitaja utahitaji spana mbili, moja ya kushika kopo lisizunguke na nyingine ya kufungua boliti, la sivyo utapinda bomba la chuma na kuanza shida ambayo hukuwa nayo. Washa za shaba zilizo kwenye boliti hiyo hutumika mara moja tu, kwa hiyo weka mpya. Ikiwa viungo ni vya klipu ya plastiki, bonyeza klipu na uvute kwa mkono. Klipu iliyovunjwa kwa koleo na kufungwa kwa waya ni moto unaosubiri siku yake. Filta mpya ina mshale ubavuni: mshale huelekea kwenye injini. Ile iliyo ndani ya tangi mwachie fundi aliyewahi kuibadilisha, si kwa sababu ni ngumu sana, ila kwa sababu mpira wa kifuniko ukikaa vibaya utanusa petroli ndani ya gari, na watoto wako watainusa pia.

Dizeli haina hatari hiyo ya mvuke, ila ina yake. Anza kwa kutoa maji: weka chupa chini ya filta, legeza skrubu kwa vidole, bonyeza pampu ya mkono mara kadhaa hadi itoke dizeli tupu. Kazi hii haina gharama, na kila mwenye gari la dizeli anapaswa kuijua kama anavyojua kupima upepo. Ukibadilisha filta yenyewe, paka mpira wake dizeli safi, ufunge kwa mkono, na ukishagusa uongeze robo tatu ya mzunguko, si zaidi. Wako mafundi wanaojaza filta mpya dizeli kutoka kwenye mtungi kabla ya kuifunga, gari liwake upesi. Kwa injini za zamani mazoea hayo hayakuleta madhara makubwa. Kwa komoni reli usikubali, maana dizeli hiyo mara nyingi humiminwa kupitia tundu la katikati, ambalo ni upande wa mafuta yaliyokwisha kuchujwa, na uchafu wake unakwenda moja kwa moja kwenye nozeli. Acha pampu ya mkono ijaze na kutoa upepo; bonyeza hadi iwe ngumu. Na kamwe usilegeze mabomba membamba ya chuma yanayokwenda kwenye nozeli injini ikiwa inawaka. Mafuta yanayotoka kwa ba 1,600 hutoboa ngozi kama sindano, kidonda huonekana kidogo, na mkono unaweza kupotea. Aliyepatwa na hilo apelekwe hospitali saa hiyohiyo.

Bodaboda nazo zina haki yao. Pikipiki nyingi zina chujio dogo la waya kwenye bomba lililo chini ya tangi, na wengine huongeza filta ndogo ya plastiki kwenye mpira. Chujio la waya huoshwa kwa petroli na kurudishwa. La karatasi halioshwi, liwe la pikipiki au la gari. Anayelipuliza kwa upepo wa kompresa anapanua matundu yake na kusukuma uchafu upande ambao ulikuwa safi.

Sasa turudi kwenye gazeti la yule kijana, maana hapo ndipo kazi ilipo. Kahawia ni kutu: angalia pipa, mtungi wa chuma, au tangi lenyewe. Punje zinazokwaruza chini ya kidole ni mchanga, na mchanga hauzaliwi ndani ya tangi. Umeingia kwa kifuniko kisichoziba, au kwa faneli iliyowekwa chini na kuokotwa, au kwa petroli ya chupa inayouzwa kando ya barabara mahali ambapo stesheni iko mbali. Utelezi mweusi kama masizi ya sufuria ni vijidudu vinavyoota pale maji na dizeli vinapokutana, na dawa yake ni kuosha tangi. Filta pekee haitakuponya. Maji matupu ni habari ya msimu. Mvua za Oktoba hadi Desemba, ambazo kwetu ndizo zinazotegemewa zaidi, huingia kwenye matangi ya ardhini ya stesheni zisizo na vifuniko vizuri. Huingia pia kwenye mapipa ya nyumbani kwa njia ambayo wengi hawaijui. Pipa lililosimamishwa nje hutuamisha maji ya mvua juu ya kichwa chake. Mchana linapata joto, hewa inatoka. Usiku linapoa, na linavuta ndani maji yale kupitia kizibo ambacho wewe unaona kimekazwa. Lilaze pipa ubavu, vizibo viwili vikiwa vimelingana kimo, chini ya paa.

Inafaa kukumbuka kwamba mafuta haya yanapitia Makueni yakiwa safi. Bomba la Mombasa hadi Nairobi, lililoanza kazi mwaka 1978, linakatiza kaunti hiyo, na watu wa Thange, huko Kibwezi, wanajua vizuri kuliko sisi sote mafuta yanavyofanya yakitoka mahali pake: mwaka 2015 bomba lilivuja kwao, mto na visima vikaharibika. Ninawataja kwa sababu ya ile dizeli unayoimwaga unapobadilisha filta. Usiimwage kwenye mchanga wa mto ambao mtu atafukua kesho kuchota maji ya watoto wake. Iweke kwenye mtungi, umpe fundi aoshee vyuma.

Kuna kitu kimoja ambacho filta haitakamata hata ukinunua ya bei gani, nacho ni mafuta ya taa. Yakichanganywa na dizeli au petroli hupita kwenye karatasi kama dizeli inavyopita. Ndani ya pampu ya dizeli hupunguza ulainishaji na vyuma hulana. Ndani ya injini ya petroli huifanya igonge. Biashara hiyo ilienea kwa sababu mafuta ya taa yalikuwa na bei ya chini, na mwezi Septemba 2018 serikali iliyawekea tozo ya shilingi 18 kwa lita ili kuondoa faida ya kuchanganya. Mamlaka ya EPRA hupima mafuta ya stesheni kwa kuangalia alama ya kikemikali. Wewe mwenyewe unachoweza kufanya ni kuchukua mafuta kidogo kwenye chupa nyeupe ya kioo, kuyaacha yatulie robo saa, na kuyaangalia kwenye mwanga. Maji na mchanga utaviona chini. Mafuta ya taa hutayaona, kwa hiyo gari likibadilika tabia mara baada ya kujaza mahali fulani, na filta ni safi, tunza risiti na upeleke malalamiko.

Je, filta ibadilishwe baada ya kilomita ngapi? Vitabu vya magari mengi ya dizeli huandika kati ya 20,000 na 40,000. Wanaoviandika hufikiria lami. Ukiwa unatembea kati ya Kitui na Kibwezi kupitia Mutomo na Ikutha, ambako siku hizi ni lami, fuata kitabu. Ukiwa unaishi Tseikuru, Nuu au ndani ya Nguu, na mafuta yako yanapita kwenye mtungi kabla ya kufika kwenye tangi, mimi nasema 10,000, na maji yatolewe kila mwezi wakati wa mvua. Kama unakaa milimani, Mbooni au Kilungu, barabara yenyewe itakupima: filta inayoanza kuziba huonekana mlimani siku nyingi kabla ya kuonekana kwenye tambarare, kwa kuwa hapo ndipo injini inapodai mafuta mengi. Usilaumu plagi wala pampu kabla ya kuitazama.

Ukienda kununua, beba ile kuukuu. Linganisha kimo, tundu na mpira. Filta bandia mara nyingi ina mikunjo michache ya karatasi, gundi iliyomwagika na mpira mgumu. Nunua kwa mtu ambaye kesho utamkuta palepale. Na ukimaliza kuifunga, injini ikiwaka, kaa dakika tano ukitazama kila kiungo kama kinatoa unyevu.

Kisha chukua kalamu ya wino usiofutika, uandike kwenye kopo la filta tarehe na kilomita. Fundi atakayeifungua baadaye, hata awe Mtito Andei na wewe uliifungia Mwingi, atajua pa kuanzia kuuliza.